Kishikizo cha Dhahabu

Mama Funguo aliletewa chai saa moja asubuhi, na saa mbili kikombe kilikuwa bado kimejaa, chai imepoa na kuota utando juu. Inspekta aliitazama chai kwanza, mwenyewe baadaye. Miaka ishirini na sita ya kuhoji watu ilikuwa imemfundisha kwamba mwizi hula. Hata akilia, anakula huku analia. Anayekataa chai ana lake jingine.

Kituoni walimwita Inspekta huyu Sindano, na si kwa wembamba, maana mama wa watu alikuwa amejaa vizuri tu. Ni vile alivyouliza maswali: taratibu, mahali palepale, mpaka aguse mfupa.

Kesi yenyewe ilikuwa hii. Malkia mzee, mama yake mfalme, alizikwa wiki nne zilizopita. Juzi familia ilikusanyika kugawana vito vyake kama alivyoandika kwenye orodha, na sanduku la chuma likafunguliwa mbele ya wote. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mkufu wa lulu hamsini na moja, ule ambao kwa vizazi saba umetoka kwa mama kwenda kwa binti wa kwanza. Ndani ya kibweta chake kilibaki kishikizo tu, kile cha dhahabu cha kufungia mkufu kisogoni. Funguo za sanduku zilikuwa mbili: mmoja wa Malkia, mwingine wa mtunza vito wake wa miaka arobaini na mitatu, huyuhuyu mama wa chai iliyopoa. Saa nane mchana angepelekwa mahakamani kusomewa shitaka la wizi. Alikuwa na miaka sabini kasoro miwili. Jela ya miezi sita tu ingetosha kummaliza.

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Nimelala. Wewe?"

"Mimi nimekaa."

Inspekta alitoa bahasha mfukoni, akakidondosha kishikizo juu ya meza. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole gumba, na juu yake pamechorwa ndege, alama ya ukoo wa mfalme. Mama Funguo alikiokota bila kufikiri, akakipangusa kwa ncha ya mtandio, mbele na nyuma, akakirudisha mezani kimelala sawasawa. Mkono ulifanya kazi yake hata pale.

"Mwizi gani huyo, mama, anachukua lulu anaacha dhahabu?"

"Mwulize mwizi."

"Lulu ulizitoa wewe sandukuni?"

"Nilizitoa. Kwa mkono huu."

"Ukazipeleka wapi?"

"Hapo sina la kusema."

"Ulimuuzia nani?"

Mama Funguo alimtazama kwa jicho ambalo lingemfanya mtoto yeyote aombe radhi. "Mwanangu, uliza la maana."

"Basi unamlinda nani?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia uwanja, ufagio unakwangua saruji. Inspekta hakuharakisha.

"Maji yamekufika shingoni, mama. Mimi nataka kukutoa, lakini huninyooshei mkono."

"Yafike. Niliapa mbele ya mtu ambaye sasa yuko chini ya ardhi. Niende nikamwambie nini?" Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Leo siku gani?"

"Alhamisi."

Yule bibi alifunika mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka papo hapo, bila kwikwi, yakapita juu ya vidole. "Ya nne hii," alisema. "Tangu msiba wametufungia geti, mtumishi hatoki. Ya nne, jamani."

Inspekta aliandika kwenye daftari: Alhamisi, ya nne.

Koridoni, Koplo wake alikuwa ameshavaa kofia, anachezea funguo za gari. Alikuwa kijana mwenye kichwa kikubwa na mdomo usiotulia. "Afande, si amekiri? Tuandike tupumzike."

"Amekiri kutoa. Hajakiri kuiba. Washa gari."

Kwenye kasri waliongozwa hadi chumba cha vito, chumba chembamba chenye dirisha moja la nondo na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Bintimfalme alikuwa amesimama mbele ya meza, amevaa nyeusi tupu, mikono ameikunja. Huyu ndiye aliyeshitaki. Mfalme, mdogo wake, alikuwa amemwachia mambo yote ya vito. Kasri zima, tangu wapishi hadi mawaziri, walimwita Dada Mkubwa.

"Mmempata aliyezinunua?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Bado, Mtukufu. Naomba kuona orodha ya marehemu."

Alimsukumia karatasi. Mwandiko wa Malkia ulikuwa wa kusimama wima, kama watoto wa shule waliopanga mstari. Kila kito kilikuwa na mwenyewe, kwa jina lake kamili: hereni za yakuti kwa mke wa mfalme, bangili pana kwa mpwa fulani, hata mpishi alikumbukwa pete. Mstari wa lulu ulikuwa tofauti. Ulisema tu: za binti yangu wa kwanza, kama ilivyo ada ya mama zetu.

"Wengine wote amewataja kwa majina," alisema Inspekta. "Hapa hakutaja."

"Kulikuwa na haja? Kila mtu anajua binti wa kwanza ni nani."

"Hakukuwa na mwingine kabla yako?"

Dada Mkubwa aliinua kichwa. "Alikuwepo. Alikufa ana siku tatu, mimi hata sijazaliwa. Kaburi lake liko nyuma ya la baba, dogo hivi. Nilikuwa napeleka maua nikiwa mtoto, kwa sababu nilimwonea huruma kulala peke yake."

"Mara ya mwisho uliziona lini lulu hizo shingoni mwa Malkia?"

"Sikumbuki. Zamani sana." Alishika kibweta kitupu, akakifungua na kukifunga. "Siku ya harusi yangu, miaka kumi na saba imepita, nilimwomba anivike. Hata kwa saa moja tu, halafu nimrudishie. Akasema ziko kwa fundi. Ilikuwa Alhamisi, na alichelewa hata kufika ukumbini. Watu wamesimama, tunamsubiri mama wa bibi harusi."

"Alikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa macho. Kila Alhamisi alikuwa kwa daktari wa macho. Nimezaa Alhamisi, hakuja. Nilikuwa nikimwuliza, mama, macho gani hayo yasiyopona? Anacheka." Akakifunga kibweta kwa kishindo. "Na yule mwanamke alikuwa anakwenda naye. Amenifunga kamba za viatu nikiwa na miaka mitatu, Inspekta. Angeiba kwa mtu mwingine nisingeumia hivi. Ninachotaka si mali. Nilitaka kitu kimoja kilichogusa shingo ya mama yangu."

Inspekta aliinamisha kichwa.

Getini askari aliwaletea daftari la magari, zito, lenye kurasa zilizokunjika pembe. Koplo alipitisha kidole. Alhamisi, Malkia na mtunza vito, daktari wa macho, kutoka saa nne, kurudi saa saba. Alhamisi iliyofuata, vilevile. Na nyingine. Kando, kwa wino mwekundu, dereva alikuwa amejaza kilomita za gari wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, kama alivyotakiwa kila safari.

"Toa hesabu," alisema Inspekta.

"Arobaini na nne. Hii arobaini na nne. Hii pia." Koplo alikuna shingo. "Afande, daktari wa macho yuko mtaa wa pili hapo. Hata ukipotea njia mara tatu hufikishi kilomita tano."

"Na ni mtu gani anapimwa macho kila Alhamisi, mwaka hadi mwaka?"

"Kipofu," alisema Koplo, akajuta palepale.

Dereva mwenyewe hakuwepo wa kuulizwa. Alifariki miezi miwili kabla ya Malkia, wakati Malkia naye ameshalazwa kitandani. Inspekta alifunga daftari, akakitoa tena kishikizo kwenye bahasha na kukiweka juani. Kwenye kitundu chake hapakuwa na hata unyuzi mmoja uliobaki. Hakikung'olewa. Kilitolewa na mtu aliyejua kazi yake, kikasafishwa, kikarudishwa. Mwizi hana muda huo.

Sonara wa kasri alikuwa na duka kwenye uchochoro wa mafundi, kati ya mtengeneza saa na mshona viatu. Alikuwa mzee wa mgongo uliopinda kwa kuinamia taa, na alipoona kishikizo kwenye kiganja cha polisi, koleo lilimtoka mkononi.

"Ni huyuhuyu," Koplo alinong'ona. "Ametoa za kweli, ameweka za plastiki, halafu..."

"Nyamaza. Mzee wangu, hiki umewahi kukishika?"

"Nilikitoa mimi," alisema Sonara. "Miaka kumi na saba iliyopita. Mwaka aliooa... alioolewa bintimfalme. Mniwie radhi, ulimi umekauka."

"Kunywa maji. Nani alikutuma?"

"Malkia mwenyewe. Alikuja na Mama Funguo, akakaa kwenye stuli hiyo uliyokalia. Alisema kishikizo kinakwaruza shingo, nikitoe, nifanye mkufu wa kupitisha kichwani. Nikamwambia, Mtukufu, kazi hii ni ya miaka mia mbili, naiharibuje? Akasema, haribu."

"Hakusema jingine?"

"Alisema. Uzi wa hariri, mkunjo mara tatu. Na fundo kati ya kila lulu na mwenzake, ili ukivutwa na kukatika idondoke moja tu, zisimwagike zote. Zisije zikamezwa."

Inspekta aliacha kuandika. "Zikamezwa na nani?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema, na mwanangu."

"Mwaka huo kasrini kulikuwa na mtoto mdogo?"

"Mtoto wapi? Bintimfalme anaolewa, na mdogo wake ana ndevu! Lakini Malkia hakatazwi kusema. Tangu hapo kila mwaka Mama Funguo ananiletea nibadilishe uzi. Uzi unakuja umechoka, mama, umelika kwa jasho. Nikajua zinavaliwa. Shingoni mwa Malkia sizioni, lakini zinavaliwa."

"Alikupa kipimo?"

"Sonara hatupi kipimo." Alivuta mtoto wa meza, akapekua, akatoa uzi mweupe uliofungwa kitanzi. Inspekta aliupokea na kuujaribu kichwani mwake. Uliingia, ukakaa juu ya masikio kama kofia. Akamgeukia Koplo. "Vua kofia."

"Afande, mbele za watu?"

Ukakaa, kwa kubana kidogo. "Kichwa cha Koplo ndicho kikubwa kuliko vyote kituoni," alisema Inspekta, "na uzi umeingia. Hiki si kichwa cha mtoto, mzee wangu. Hata miaka kumi na saba iliyopita hakikuwa cha mtoto."

Aliuacha uzi uning'inie kidoleni. Mtu mwenye kichwa cha mtu mzima, ambaye mama yake anahofia asimeze lulu. Kilomita ishirini na mbili kwenda, ishirini na mbili kurudi. Kila Alhamisi, na leo ni ya nne hakuna aliyekwenda. Binti wa kwanza asiyetajwa jina. Na kaburi dogo ambalo mtoto mwingine alilipelekea maua.

"Koplo, kilomita ishirini na mbili kutoka kasrini kuna nini?"

Koplo alihesabu kwa vidole. "Kusini, mashamba matupu. Barabara ya kaskazini kuna kiwanda cha matofali, na mbele yake ile nyumba ya kulelea watu wasiojiweza. Basi."

Inspekta alisimama. Ilikuwa saa tano na robo. "Mpigie simu Dada Mkubwa. Mwambie kwa sheria mlalamikaji ndiye anayetambua mali yake, kwa macho yake. Aje yeye, asitume mtu."

Nyumba ya malezi ilikuwa ndefu na safi, imepakwa chokaa, na ilinuka sabuni ya sakafu. Matroni alikuwa mwanamke mwenye miguu iliyovimba, na aliposikia neno lulu alikaa chini polepole.

"Nilijua mtakuja," alisema. Alifungua rejista kubwa, ukurasa wa zamani, wino umefifia. Mtoto wa kike, siku tatu. Jina la baba: mstari. Jina la mama: mstari. "Aliletwa na msichana mmoja wa kazi, usiku, amemfunika kwa shuka. Mfalme wa wakati ule hakutaka binti aliyezaliwa na ulemavu. Kwenye magazeti wakasema amekufa. Msichana mwenyewe ndiye huyo mnayemwita Mama Funguo. Malkia alipopata nguvu za kusimama, ndipo Alhamisi zikaanza. Hajakosa mpaka alipolazwa. Miaka arobaini na mitatu."

"Na lulu?"

"Anakuja nazo, anaondoka nazo. Alipokuwa kitandani, Mama Funguo alizileta peke yake. Akasema, Malkia kaagiza zibaki, ni za binti yake."

"Anajua mama yake amefariki?"

Matroni alifunga rejista. "Tungemwambia nini? Sisi wenyewe tulisoma gazetini. Kila Alhamisi anaamka, anataka kuogeshwa mapema, anavaa gauni lake. Tunamwambia mama anaumwa macho."

Saa saba kasoro gari jeusi liliingia uwanjani. Dada Mkubwa aliteremka uso umekaza. "Mali yangu iko kwenye nyumba ya wagonjwa?"

Inspekta alikuwa amepanga namna ya kulisema, na yote ikamtoka. Akalisema tu. "Mtukufu, yule mtoto wa siku tatu hakufa."

Dada Mkubwa alimtazama. Kisha akatafuta benchi kwa mkono, kama mtu aliye gizani, akakaa. Inspekta alimweleza yaliyobaki kwa maneno machache.

"Nilikuwa napeleka maua," alisema Dada Mkubwa mwishowe. "Baba alikuwa ananishika mkono, ananipeleka yeye." Akalia kwa uchungu, mabega yanaruka, na Koplo mwenye maneno yake akageukia ukuta.

Chumba kilikuwa cha mwisho koridoni. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, gauni la bluu limepigwa pasi, nywele zimesukwa. Paji la uso lilikuwa lilelile la bintimfalme, na macho yaleyale. Shingoni, mkufu wa lulu ulimshuka hadi kifuani, unang'aa. Nyumbani hapo walimwita Bibie.

Aliposikia mlango aligeuka. Alimwona mwanamke mwenye nguo nyeusi, mwenye uso wa mama yake, na uso wake wote ukafunguka.

"Umechelewa," alisema. Maneno yalimtoka mazito, moja moja.

Akasimama, akavua mkufu kwa mikono miwili, akaupitisha taratibu kichwani mwa Dada Mkubwa. Aliunyoosha kifuani. Halafu akainamisha kichwa chake mwenyewe, akangoja.

"Ndiyo ilivyokuwa," Matroni alinong'ona. "Mama anakuja amezivaa. Wanatazamana kwanza. Halafu anamvika yeye."

Dada Mkubwa alisimama na lulu shingoni. Kile alichokiomba siku ya harusi yake, alichokililia juzi mbele ya ukoo mzima, kilikuwa pale, kina joto la ngozi ya mtu. Alizishika kwa kiganja, akafumba macho. Machozi yalipita juu ya vidole vyake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Inspekta alichukia kazi yake kwa dakika ile, lakini mjini kulikuwa na mama wa miaka sitini na minane anayesubiri gari la mahakama.

"Mtukufu, samahani. Ni lazima niulize. Unazitambua lulu hizi kuwa ndizo zilizopotea?"

Bibie alikuwa bado ameinama.

"Zamu yangu," alisema Bibie.

Dada Mkubwa alivua mkufu. Ukakwama kidogo kwenye nywele, akaunasua. Akamvika dada yake, akaunyoosha kifuani kama alivyofanyiwa yeye.

"Sizitambui," alisema, bila kugeuka. "Lulu zilizopotea zilikuwa na kishikizo cha dhahabu. Hizi hazina. Hizi zina mwenyewe."

"Na malalamiko?"

"Nimeyafuta. Andika orodha niliisoma vibaya mimi. Mama Funguo arudi nyumbani sasa hivi, na nitamfuata mwenyewe kumwomba msamaha."

Inspekta alimpa Koplo ishara, na Koplo akatoka mbio kwenda kwenye redio ya gari, viatu vinapiga sakafu. Inspekta alisaini ukurasa wa daftari, akaandika saa. Kisha akatoa bahasha, akaweka kishikizo kwenye kiganja cha bintimfalme. "Hiki kilibaki kwenye kibweta chako. Hakuna anayekidai." Alikipokea, akafunga ngumi.

Bibie alikuwa anamtazama mgeni wake kwa makini, kichwa upande. Alinyoosha kidole, akagusa chini ya jicho lililolowa.

"Mama. Macho yamepona?"

Bintimfalme alipiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono yote miwili ya yule mwanamke na kuiweka mapajani.

Swali hilo halikuwa la polisi. Inspekta alimshika Matroni mkono, wakatoka pamoja. Alikuwa anauvuta mlango aliposikia bintimfalme akianza, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake.

"Dada Mkubwa," alisema, "mimi ni mdogo wako. Mama alikuwa anaumwa."